Waya Mmoja, Milango Miwili

Jaén, Hispania
Jumapili, 26 Novemba 2006
Miezi tisa sasa tangu niondoke nyumbani

Dada yangu mpendwa Zlatina,

Nakusalimu kwa moyo wote, wewe, shemeji na watoto. Natumaini mko wazima na kwamba kikohozi cha shemeji kimepoa. Mimi ni mzima wa kuonekana. Mgongo ndio unaolalamika, na vidole vimepasuka kwa baridi ya asubuhi. Tunapiga matawi ya mizeituni kwa fito mpaka tunda la mwisho lidondoke, na msimamizi kazi yake ni kupiga kelele kwamba sisi Wabulgaria tumekuja kutalii. Nakuandikia nikiwa juu ya kreti, na hii ni mara ya tatu nainuka na kukaa, maana jambo lenyewe halitulii kifuani.

Karatasi uliyonitumia nimeipata. Nimeelewa kwamba laini ya simu ya Mama ina jina langu tangu Baba afariki, na bila sahihi yangu kampuni mpya haiwezi kumtoa kwenye laini ya pamoja na kumwekea waya wake peke yake. Najua umepanga foleni na kulinganisha bei mpaka kichwa kikauma, na najua haya yote niliyaanzisha mimi. Ni mimi niliyelalamika tangu majira ya kuchipua kwamba haiwezekani zama hizi nyumba mbili zitumie waya mmoja, eti Mzee Asparuh wa mlango wa pili akizungumza na binti yake wa Chicago, simu ya Mama inakufa, nami huku nasikiliza mlio wa kutumika mpaka Jumapili inakwisha. Nilimwita majina ambayo siwezi kuyaandika. Wewe ukacheka, ukasema yule mzee akishika simu, hata mbwa wa binti yake husalimiwa kwa jina.

Dada, sijatia sahihi. Usikasirike kwanza, soma mpaka mwisho.

Karatasi hiyo nilimpelekea Bi Remedios, mwenye duka la kupigia simu hapa, nikamweleza kwa Kihispania changu cha shambani. Akaniuliza kama nataka kubadilisha barabara au nataka kubadilisha basi. Akasema nyie wanaume mnabeba magunia lakini karatasi zinawashinda: waya unaoingia nyumbani ni kitu kimoja, na kampuni inayobeba mazungumzo ni kitu kingine. Mtu anaweza kubaki na waya wake wa zamani, akajiandikisha kwa kampuni nyingine kwa ajili ya kupiga tu, akawa anabonyeza tarakimu chache kabla ya namba, na bei ya kupiga nje ikashuka. Kisha akaniwekea kidole pale palipoandikwa maandishi madogo, nikaona kampuni yetu mpya inamfunga Mama miaka miwili, na ile bei nzuri ni ya miezi ya mwanzo tu.

Lakini sikwenda kwake kwa ajili ya bei. Nilikuwa natafuta njia ya kuuacha ule waya mahali ulipo, na sasa nitakuambia kwa nini.

Mkono wa Mama haukuvunjika kwenye ngazi akiteremsha mitungi ya pilipili, kama alivyokuambia. Jumapili ile ya Oktoba nilipiga tangu asubuhi, inatumika. Nikatoka, nikarudi, inatumika. Bi Remedios akaniambia nitamtobolea sakafu kwa kutembea. Jioni nikapiga namba ya Mzee Asparuh mwenyewe, ikaita, naye alipopokea tu nikammwagia yote niliyokuwa nayo. Akaniacha nimalize. Kisha akasema, "Umemaliza, Penko? Haya, kaa chini."

Akanieleza kwamba tangu alfajiri simu yake ilikuwa imekufa. Alidhani Mama anaongea na shangazi habari za kabichi za kuchachusha, maana hizo hazina mwisho. Akagonga ukuta kwa mwiko, kimya. Jioni akatoka kwenda kumtukana mlangoni, akagonga, kimya tena. Unajua alikuwa fundi wa kufuli maisha yake yote. Akaufungua mlango kwa nguvu, akamkuta Mama sakafuni kwenye ukumbi. Aliteleza, akashika kimeza cha simu, vyote vikaanguka pamoja, mkonga wa simu ukabaki unaning'inia. Alishindwa kuinuka, midomo imekuwa ya buluu, na neno la kwanza aliloweza kumwambia ni asimtazame, yuko na gauni la kulalia. Mzee akaurudisha mkonga mahali pake, akaita gari la wagonjwa likampeleka Mama na mkono wake uliovunjika, na muda si mrefu simu yangu ikamfikia.

"Mwanangu," akaniambia, "ningekuwa na waya wangu peke yangu, ningeongea na binti yangu, nikanywa kahawa yangu, na mama yako angebaki pale mpaka Jumatatu."

Mama aliniapisha nisikuambie, kwa sababu utamhamishia kwako Ruse, ghorofa ya tisa, ambako hana hata mtu wa kugombana naye kupitia ukutani. Nimekaa na siri hiyo kama mtu aliyemeza kokwa. Akijua nimesema atanifokea, na anifokee. Ila mimi siwezi tena. Mlio ule ule ulionitia hasira sasa unanitia hofu. Nikikuta inatumika, sijui kama mzee anamsalimia mbwa au Mama yuko chini.

Kwa hiyo nakuomba, mwandikishe Mama kwa kampuni ya kupigia tu, ile ya tarakimu za mwanzo, na waya uuache. Usimtaje Ruse mbele yake mpaka nirudi tuzungumze sote watatu. Na ule ufunguo wa akiba ulio kwako mpelekee Mzee Asparuh, pamoja na chupa ya rakia, ile pombe kali ya shemeji, iliyo nzuri. Mwambie Penko anaomba radhi, na mlango usivunjwe mara ya pili.

Nisalimie shemeji, wabusu watoto, mwambie Mama nakula vizuri. Mizeituni itakwisha mwishoni mwa Februari. Panapo uzima, tarehe mosi Machi nitakuwa mlangoni kwake, anifunge ule uzi mwekundu na mweupe wa kukaribisha majira ya kuchipua, kwa mkono wake uliopona.

Ni mimi mdogo wako,
Penko