Mahema Yako Yaliyoko Mtoni

Mama,

Shikamoo. Najua marahaba haitakuja, lakini kwa malezi yako siwezi kufungua mdomo mbele yako kabla ya kukuamkia.

Nianze na habari za huku. Karakana ipo pale pale ghorofani, Mtaa wa Sikukuu hapa Kariakoo, juu ya duka la vitenge. Cherehani yako kubwa naitumia mimi. Mwanao Bakari amenenepa, tena amerithi kelele zako bila kurithi mkono wako. Msibani tulikufungia lile turubai la kijani, ulilokuwa ukisema si la kila mtu. Tulipoanua tanga, vibarua walifukia mashimo ya vigingi na kufagia mtaa bila kuambiwa, kama ulivyowazoesha. Hapo ndipo nilipolia. Makaburini machozi yaligoma kabisa, mpaka shangazi akaniangalia vibaya.

Sasa nina jambo, na nimelizungusha moyoni muda mrefu. Linahusu mahema ya Bwana Elia.

Unakumbuka alivyopanda ngazi zetu mara ya kwanza, anatweta, anatafuta fundi wa kumshonea mahema ya kambi yake ya watalii hifadhini? Sisi tulikuwa watu wa maturubai ya harusi na misiba tu. Ulijifanya huna haraka na kazi yake, na alipoondoka ukacheza peke yako katikati ya karakana. Kila mshono uliupitisha uzi mara mbili. Mimi nikiharakisha uliniambia, "Unashona kama unakimbizwa na mgambo, fumua." Tangu siku hiyo hakuna mgeni aliyekaa kwetu bila kuambiwa kwamba mahema yako yanalala porini na simba. Na hoja yako ilikuwa moja: hoteli inachimba msingi, lakini hema likiondoka linaondoka na kamba zake, ardhi inabaki kama ilivyokuwa. Nilikuamini. Kwetu sisi turubai linafungwa, watu wanalia au wanacheza, kisha linafunguliwa. Hatukuwahi kuona hema lisiloondoka.

Mimi nimeliona, Mama. Mvua zilipokatika, Elia alipiga simu kwamba tembo amechana hema namba tatu. Bakari alikuwa na harusi Magomeni, nikaenda mimi. Wewe hukupata kufika, kila safari miguu ilikuvimba, na mimi nilifika kwa niaba yako nikiwa nimevaa kitenge kipya kama mtu anayekwenda kumwona mtoto wa ndugu.

Ni mazuri bado. Rangi imepauka kidogo, lakini hakuna mshono uliolegea. Niliushika ukingo wa moja nikajisikia fahari, nikataka nikupigie simu, kisha nikakumbuka.

Halafu nikaangalia chini. Kila hema limekalishwa juu ya jukwaa la mbao, na jukwaa limesimama kwenye nguzo za zege. Nyuma kuna bafu, na bomba la bafu linamwaga mtoni, povu la sabuni linaelea kwenye matete. Miti ya ukingoni imekatwa kwa ajili ya kuni za kuchemshia maji na za moto ambao wageni wanauzunguka jioni. Magari yanaacha barabara kumfuata chui, matairi yanachimba udongo mweusi, mvua inaingia kwenye ile mikato na kuifanya makorongo. Nyuma ya vichaka kuna karatasi za chooni na chupa za plastiki. Nilidhani nimeiacha Kariakoo, kumbe imenitangulia.

Watalii wenyewe si watu wabaya. Mama mmoja aliniambia, kwa Kiswahili cha kujifunza, kwamba amekuja kupumzika mahali ambapo binadamu hajapagusa. Aliyasema hayo akianika taulo kwenye kamba yetu.

Aliyenifungua macho ni mpishi wa kambi, Dada Neema. Alikuwa anamenya viazi, akanyoosha kisu kuelekea hema namba tatu na namba nne. "Hapo ndipo ilipokuwa njia ya tembo ya kwenda majini," akasema. "Mliwafungia." Hakusema kwa ubaya. Tembo siku hizi wanazunguka mbali, kisha wanashukia penye ukingo laini, na ukingo wote umebomokea mtoni. Aliyechana hema alikuwa jike mwenye mtoto, anapita alipozoea kupita. Hakuwa mkorofi, Mama, alikuwa anakwenda kunywa maji.

Nilikasirika. Nilimkasirikia Elia, halafu, unisamehe, nikakukasirikia wewe, kwa sababu ulikufa ukiwa na raha na jambo hili na mimi ukaniachia kulijua. Kwenye basi la kurudi nilijifunika ushungi usoni ili jirani yangu asinione.

Siku chache baadaye Elia akaja karakana. Anataka mahema mengine, makubwa zaidi, kila moja na bafu la watu wawili. Nikamwambia sishoni mpaka namba tatu na namba nne yatoke kwenye njia ya tembo, na kila masika, wageni wanapokosekana, mahema yote yafunguliwe na majukwaa yaondolewe, pale mahali papumzike. Akacheka. "Dada Zuhura, wewe ni fundi wangu au ni bwana nyamapori?" Nikamjibu kwamba ni mtoto wa mama yangu, na mama yangu hajawahi kuondoka kwenye uwanja wa mtu akaacha shimo. Akashuka ngazi bila kuaga.

Bakari alilipuka. Kwamba pango la karakana linalipwa na Elia, si na maharusi wa Magomeni, na katika hilo hakukosea. Halafu akasema la kuniumiza: "Unataka watu waseme kazi ya Mama ilikuwa mbaya?" Nilikaa kwenye cherehani yako bila kushona chochote. Maana ndilo swali lenyewe. Jina lako bado limeandikwa pale mlangoni, na mimi ndiye ninayezunguka nikisema mahema yako yatolewe.

Sitakudanganya kwamba nimeshinda. Yale mapya yanashonwa na karakana nyingine, na nasikia yanakwenda vizuri. Habari ya masika Elia hataki hata kuisikia. Lakini wageni wameogopa kulala namba tatu na namba nne, na vitanda vitupu vinamuuma kuliko maneno yangu. Wiki iliyopita akapiga simu: mahema hayo mawili yahamishwe, na majukwaa yake yang'olewe, kwa sharti kwamba tuhamishe sisi, kwa nauli yetu na nguvu zetu. Nikakubali kabla hajamaliza kusema. Bakari akaninunia, tukawa tunasalimiana kupitia kwa vibarua. Leo asubuhi nimemkuta sakafuni anachagua kamba na nyundo. Hakuniangalia. "Kama ni kazi ya Mama," akasema, "haiwezi kufunguliwa na watu baki."

Tunaondoka Jumamosi. Namba tatu nitalifungua mwenyewe. Ndilo ulilolishona mguu ukiwa juu ya ndoo, ukakataa kwenda hospitali mpaka zipu iingie. Nimelifikiria hilo nikiwa kitandani, na nimeogopa, Mama. Naogopa nikivuta kigingi cha kwanza nitajiona ninakuzika mara ya pili.

Sijui kama wale wanyama watairudia njia yao. Neema anasema watachukua muda, hawatuamini. Nakuahidi sitasubiri kuitwa. Kila mvua zikikatika nitakwenda kuangalia, na nitaendelea kumsumbua Elia kuhusu masika mpaka aniogope kuliko alivyokuogopa wewe.

Kwaheri, Mama. Mungu akulaze pema. Usiniwekee kinyongo kwa hili. Bakari ameniuliza tena leo kama ungeridhia, na nimemwambia ninavyokujua: ungefika pale, ukaona, ukalifungua hema kabla hata hujakaribishwa kuketi.

Mwanao,
Zuhura