Ukiulizwa Kibanja ni cha Nani

Mtwara

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima, na hilo goti liwe linakuacha ulale. Mimi sijambo, nabeba mizigo ghalani kama kawaida. Usianze kusema nimekonda, maana wewe hunisikia nimekonda hata kwenye simu.

Nimeandika badala ya kupiga kwa sababu simu yako inachajiwa kwa baba mdogo, na unaipokea ukiwa uani kwake. Haya si maneno ya kusemea pale. Barua anakuletea mwenzangu wa ghalani anayerudi kwao Nyakatuntu. Ameniahidi ataitia mkononi mwako.

Dada Koku amenieleza yote. Siku ya kuandikisha wakulima wa mbolea ya ruzuku, karani alikuuliza kibanja chetu cha migomba na kahawa ni cha nani, nawe ukajibu, "Cha mzee." Namjua mama yangu. Hukudanganya. Wajane wa huko kwetu Ihembe ndivyo wanavyojibu, na baba yupo kweli, amelala nyuma ya nyumba katikati ya migomba yake. Lakini karani haandiki marehemu. Akauliza mzee yupi, na baba mdogo akasogea mbele, "Mimi hapa." Nawe ukanyamaza kwa heshima, akaandikwa yeye.

Mbolea yenyewe imekwenda kwenye mahindi yake, na hilo ningelimeza. Ila Koku anasema sasa ameanza kuchuma kahawa yetu, na akiulizwa anajibu kwamba serikali inamtambua yeye. Mama, hapo nilikasirika. Leo ni kahawa, kesho atakuonyesha njia ya kurudi kwenu Kihanga.

Huku nako serikali hugawa dawa ya mikorosho, na sisi ndio tunaoishusha. Juzi nilimbebea mifuko mama mmoja mjane, wa makamo yako. Karani akamuuliza shamba ni la nani. Akajibu, "Langu," wala hakupandisha sauti. Huku mwanamke kuwa na shamba lake ni jambo la kawaida, hakuna aliyegeuka kumtazama. Nilimfuata na mifuko yake begani nikikuwaza wewe, na machozi yakanitoka. Nikasingizia vumbi la dawa.

Basi nikampigia babu, mkubwa wa ukoo. Nikamkumbusha siku ya kuondoa matanga, walivyonikalisha kwenye kiti cha baba, wakanipa mundu wake na kusema mimi ndiye musika, mrithi wa kibanja. Nikamwambia musika anataka kiandikwe kwa jina la mama yake.

"Ukishasema wewe, mimi nani nipinge?" akaniambia. "Nitakwenda naye kwa mtendaji wa kijiji. Lakini aseme mwenyewe. Akirudia yale ya cha mzee, mimi sitamsemea."

Kwa hiyo nimefika mwisho wa uwezo wangu, Mama. Nilichobakiza ni kukuomba.

Nisalimie Koku na shemeji, na watoto wao. Msalimie bibi, mwambie senene zikianguka anitunzie walau kikopo. Msalimie katekista. Na baba mdogo msalimie pia, usimnunie, ni damu yetu. Kahawa tu asiguse.

Ule mundu wa baba ushushe pale juu ya mlango, uutumie kukatia majani ya migomba, haunisaidii kitu ukining'inia. Na siku utakayokwenda na babu, ukiulizwa kibanja ni cha nani, usimtaje baba, wala usinitaje mimi. Baba ana mahali pake pale kwenye migomba, hakuna wa kumhamisha. Anayeweza kuhamishwa ni wewe.

Mwanao anayekuheshimu,

Rwegasira