Maji Aliyotema Baba Mkwe

MAELEZO YA SHAHIDI

Kituo: Kituo Kidogo cha Polisi Lwangwila, Wilaya ya Rungwe, Mkoa wa Mbeya
Tarehe: 15 Julai 2023
Muda wa kuanza: saa 3:20 asubuhi
Jina la shahidi: Ikupa binti Saulo
Umri: miaka 26
Kabila na dini: Mnyakyusa, Mkristo wa Moravian
Kazi: mkulima wa viazi na ndizi
Makazi: Kitongoji cha Ndobo, Kijiji cha Lwangwila
Aliyejeruhiwa: Anyelwisye Mwasyeba, miaka 71 (jina limeandikwa na askari, shahidi hakulitamka)

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Natoa maelezo haya kwa hiari yangu mbele ya Koplo Kasian, nikiwa na akili timamu, ingawa sijalala. Nimeelezwa kwamba kwa kuwa ninayemsema ni mume wangu wa ndoa, silazimishwi kutoa ushahidi juu yake. Nimeelewa, na nataka kusema.

Aliyeumia ni baba mzazi wa mume wangu. Koplo ameniuliza mara mbili kama silijui jina lake. Nalijua, ila siwezi kulitamka. Kwetu mke wa mtu hamtaji baba mkwe kwa jina, hampi mkono, hakai naye chumba kimoja na hamtazami usoni. Akikutana naye njiani anajifunika kanga na kuingia kichakani mpaka mzee apite. Tunaita ukutila, na mtu anayetaka kusema anaogopa hutumia neno hilohilo. Wapo wanaosema haya ni mambo ya zamani, hasa wale walio mjini na wakwe zao wako mbali. Sisi tunaishi uwanja mmoja. Nyumba yake iko juu, yetu iko chini, katikati kuna migomba.

Nimeolewa miaka mitano. Kwa miaka yote hiyo baba mkwe nimemjua kwa kikohozi, kwa fimbo yake na kwa mabuti yake ya mvua yanavyofyonza tope. Chakula changu humfikia kwa mkono wa dada yake, shangazi Sabina, anayekaa naye tangu mama mkwe afariki. Kama kuna neno, shangazi hulileta. Mzee alikuwa akituma kusema mboga ina chumvi nyingi, nami nikituma kusema asiyetaka chumvi apike mwenyewe, na shangazi hakulifikisha hilo hata siku moja. Tuliishi vizuri.

Mwaka wangu wa pili wa ndoa nilikuwa nimejitwisha mkungu wa ndizi nikitoka shamba la juu. Kulikuwa na ukungu mzito. Pale kwenye kona ya mparachichi tulikutana ana kwa ana, karibu tugongane. Nilitupa mkungu nikakimbia. Nilikuwa na mimba changa, na mwezi uliofuata ikatoka. Tulipeleka jogoo wa kuomba radhi kama inavyotakiwa, mzee akampokea, akatuma kusema yamekwisha. Mimba ya pili nayo ikatoka. Baada ya hapo nilianza kuogopa hata kikohozi chake. Nikikisikia, najishika tumbo.

Sasa nina mimba ya miezi saba. Hakuna aliyefika mbali hivi tumboni mwangu.

Mnamo tarehe 10 Julai niliona damu kidogo. Nilikwenda zahanati, muuguzi akaniambia nipumzike, nisibebe kitu. Jofrey, mume wangu, hakuridhika. Jofrey si mtu mbaya, naomba hilo liandikwe. Tangu mimba hii ianze hajaniacha nichote maji. Ila mimba mbili zilizotoka alizifukia yeye kwa mikono yake nyuma ya nyumba, na tangu ile ya pili akawa mtu wa kukaa akiangalia ukuta. Mnamo tarehe 12 alipanda gari kwenda Mbeya mjini, upande wa Iyunga, kwa mganga ambaye watu walimwelekeza. Alirudi jioni, hakula. Aliniambia, "Mzee ana neno moyoni juu yako. Hajalisema. Mpaka aliseme na ateme maji, huyu naye hatazaliwa."

Koplo ameniomba nieleze hili. Kwetu inaaminika kwamba mzazi akiwa na kinyongo na mtoto wake asikiseme, kile kinyongo kinafanya kazi chenyewe. Nyumba inapata ubaridi, watoto hawasimami. Dawa yake ni mzee kukaa mbele ya watu, kusema waziwazi kilichomuudhi, kisha kuchukua maji mdomoni na kuyapuliza kwa baraka. Hapo yanaisha. Nimeona yakifanyika nyumbani kwa baba yangu, na mtoto aliyekuwa akiumwa akapona. Kwa hiyo Jofrey aliposema vile sikumcheka. Niliogopa.

Tarehe 13 jioni Jofrey alimwita baba yake uwanjani. Mimi nilikuwa jikoni, nimefunga mlango, nikisikiliza. Jofrey alisema, "Tata, sema neno lako." Mzee akajibu, "Sina neno, mwanangu." Jofrey akasema, "Alikutana nawe njiani." Mzee akasema, "Jogoo nilimla. Alikuwa mgumu, lakini nilimla." Jofrey hakucheka. Alisema, "Basi sema uongo. Sema tu lipo, litoke." Nilisikia fimbo ya mzee ikigonga jiwe. Kisha akasema, "Nikisema lipo na halipo, hapo ndipo nitakuwa nimemroga mkeo kweli. Maji ya uongo siyatemi mimi." Akapanda kwenda kwake.

Ni mzee wa kanisa, na kwa tabia yake hata kwenye msiba hamsifii marehemu asiyestahili. Watu humcheka kwa hilo. Lakini Jofrey aliingia ndani akisema, "Umeona? Mtu asiye na neno angekataa nini?" Na mimi nilikuwa najiuliza hivyohivyo.

Mnamo tarehe 14 Julai, majira ya saa moja asubuhi, nilisikia mabuti ya mzee yakipita nyuma ya nyumba, na nyuma yake viatu vya Jofrey. Walikuwa wakielekea makaburini kwa babu zao, ng'ambo ya korongo. Nilichungulia nikaona Jofrey ameshika chupa ya plastiki yenye maji. Nilidhani mzee amekubali. Nilimshukuru Mungu, nikaanza kumenya viazi.

Baada ya muda mfupi nilisikia Jofrey akipiga kelele. Nilijifunika kanga nikafuata njia ya migombani. Kulikuwa na ukungu lakini si wa kuzuia kuona. Nilifika karibu nao kiasi cha kutupa jiwe. Walikuwa wamesimama ukingoni mwa korongo. Jofrey alikuwa amemshika baba yake kola ya koti akimtikisa na kusema, "Sema! Sema!"

Hapo nilipaswa kugeuka. Mguu wangu ulishageuka wenyewe, kwa mazoea. Lakini uso sikuugeuza. Nilitazama.

Mzee alisema, "Sina." Jofrey akamsukuma kifuani kwa mikono yote miwili. Mzee akaanguka kinyumenyume korongoni. Sikumsikia akilia. Nilisikia vichaka vikivunjika, kisha maji ya chini tu.

Jofrey alisimama akitazama chini. Kisha akaitupa ile chupa humohumo, akageuka akaniona. Nilidhani atanipiga. Alikuwa analia. Alinisogelea akaniambia, "Wewe hujaona kitu. Mwanamke hamtazami mkwewe. Ukisema umeona, utakuwa unawaambia watu wote kwamba ulimtazama." Akanipita akikimbia kuelekea barabarani. Tangu hapo sijamwona.

Nilimwita shangazi Sabina kwa nguvu. Hakuitika, maana nyumba iko juu. Nikaanza kuteremka kwa kukaa, tumbo mbele, nikishika mizizi. Nilimkuta mzee amelala ubavu kwenye tope, mguu umepinda, damu inatoka kichwani. Aliponisikia alijitahidi kuufunika uso wake kwa mkono. Yeye mwenyewe alikuwa ananiheshimu mimi. Alisema, "Rudi, nkamwana. Usinikaribie. Mtoto." Nkamwana ni mke wa mwana. Nilisimama pale. Nataka kusema ukweli kwamba nilisimama. Nilifikiria zile mimba mbili, na kwamba zile zilitoka kwa kukutana njiani tu, seuze kumshika. Nilipiga tena kelele. Mkono wake ukaanguka, kichwa kikaanza kuteleza kuelekea majini, na mdomo ukaingia majini.

Nilimshika. Nilimvuta kwa makwapa, nikamweka kichwa mapajani kwangu, nikamfuta tope usoni kwa kanga yangu. Ndiyo mara ya kwanza kumtazama vizuri. Ana kovu dogo juu ya jicho la kushoto. Amefanana sana na Jofrey, na sikuwahi kujua.

Alifumbua macho. Alitazama pembeni, si kwangu. Aliomba maji. Ile chupa ilikuwa imenasa kwenye majani, nikanyoosha mkono nikaichukua, nikamnywesha. Hakumeza. Aliyakusanya mdomoni, akageuza kichwa kwa shida na kuyapuliza kwenye tumbo langu. Yalikuwa na damu. Alisema, "Neno lilikuwepo. Limetoka. Sasa zaa." Nilianza kulia. Akasema tena, polepole, "Waambie nimeteleza." Baada ya hapo alipoteza fahamu.

Shangazi Sabina alifika na vijana wawili waliokuwa wakichuma chai. Walimbeba kwa ngazi mpaka barabarani, akapelekwa hospitali ya wilaya. Tangu jana hajazinduka, ndivyo nilivyoambiwa. Mimi siwezi kwenda kumwona.

Jana hiyohiyo saa kumi jioni Jofrey alinipigia simu kwa namba nisiyoijua. Hakuuliza kama baba yake ni mzima. Aliuliza, "Mzee alisema?" Nikamjibu, "Alisema." Akavuta pumzi kama mtu aliyetua mzigo. Kisha akauliza, "Na wewe utasema nini?" Nikakata simu. Nililala kwa shangazi Sabina, mlango tukiuegemeza benchi. Shangazi alinisihi niseme mzee aliteleza, kama mwenyewe alivyotaka. Alisema mambo ya nyumbani yaishie nyumbani. Nilimwambia mficha uchi hazai. Alinitazama tumbo.

Mtoto hajacheza tangu jana asubuhi. Kabla ya hapo alikuwa akinipiga mateke kila nikikaa. Usiku kucha nilikuwa nimeweka mkono. Sijui kama ni kwa sababu ya kuteremka korongo, au kwa sababu nilimshika mzee, au kwa sababu ya yale maji. Kama neno lilikuwepo kweli, basi mganga alisema kweli, na Jofrey alikuwa na haki ya kuogopa. Kama halikuwepo, basi mzee ambaye hajawahi kusema uongo aliusema kwa ajili yangu, na mwenyewe alishaeleza maji ya uongo yanafanya nini. Sijui niogope lipi.

Ninachojua ni nilichokiona. Baba mkwe ameniambia niseme ameteleza. Katika miaka mitano ndiyo siku ya kwanza kuniagiza kwa mdomo wake mwenyewe, na agizo hilo ninalikataa. Hakuteleza. Alisukumwa na Jofrey, mume wangu. Nilitazama, nikaona.

Hapo ndipo maelezo yangu yanapoishia. Nimesomewa, ni yangu, na sina la kupunguza.

(Saini) Ikupa Saulo

UTHIBITISHO WA ASKARI

Mimi Koplo Kasian nathibitisha kwamba nimeandika maelezo haya kama yalivyotolewa na shahidi, nikamsomea, akakubali na kusaini mbele yangu saa 5:05 asubuhi. Mtuhumiwa Jofrey Anyelwisye bado anatafutwa. Shahidi hatarudi kitongojini hadi atakapokamatwa.

Kwa kuwa shahidi alieleza kwamba mtoto hachezi, nilimpeleka hospitali ya wilaya kwa gari la kituo. Muuguzi alimpima mapigo ya moyo ya mtoto. Yamesikika.

Shahidi aliniomba nimpelekee mgonjwa habari hiyo, kwa kuwa yeye kwa mila yao haruhusiwi kuingia alipolazwa. Nilikwenda wodi ya wanaume. Mgonjwa alikuwa amezinduka. Nilipomwambia kwamba mtoto ni mzima alifumba macho, machozi yakamtoka. Kisha akaniuliza kama mke wa mwanawe amesema kwamba aliteleza.


(Saini) Koplo Kasian