Wifi Kasoma Daftari Langu la Choo

Joyness, hasira zimenipanda!

Lile daftari ninamoandika tumbo linavyouma na choo ninavyopata, kama daktari alivyoniagiza, wifi Deodatha kalichukua chumbani kwangu. Kawasomea wanawake niliokuwa namenya nao ndizi za harusi!

Kawasomea, Joyness! "Jumatatu hakuna choo. Jumanne hakuna. Jumatano kuhara mara sita." Wakacheka mpaka visu vikawadondoka.

Miaka miwili naumwa, yeye anacheka!

Nikamnyang'anya. Nikawaambia, "Ngojeni niwamalizie." Nikasoma ya jana: "Choo kina damu, siku ya tatu sasa."

Deodatha akasema polepole, "Wifi, mbona hukutuambia?"

Nikamjibu, "Niwaambie ninyi?"

Kesho asubuhi naenda hospitali Kayanga. Nisindikize wewe, tafadhali. Yeye kajitolea, simtaki.