Hatua Thelathini na Moja

Jumanne, 9 Septemba 2025

Wilbert, bosi wangu wa studio ya picha, kaniletea kazi ya harusi Segerea. Bi harusi akiingia kanisani napiga picha mie, hakuna anayebisha. Nikasoma kadi. Bwana na Bibi Gozbert Mutashobya wanamwoza binti yao mpendwa, Hope.

Gozbert Mutashobya ni baba yangu. Alituacha Mtoni, mie na mama, nikiwa na miaka sita, akaenda kuoa huko Segerea. Mpendwa! Nimelirudia hilo neno mpaka chai ikapoa. Mama sijamwambia.

Alhamisi, 18 Septemba

Mazoezi kanisani. Hope kakwama saluni. Mwenyekiti wa kamati akasema sista wa picha asimame badala yake, tupime mwendo. Nikaenda mlangoni, baba kasimama hapo. Shikamoo. Marahaba. Akanipa mkono, tukaanza kutembea. Katikati ya kanisa ndiyo akaniangalia vizuri. Aule? Jina langu la utotoni. Akauliza mama hajambo.

Nikamwambia harakaharaka, kabla mabenchi hayajaisha — naolewa Desemba, sina wa kuniingiza kanisani. Akasema tutaongea Jumamosi, baada ya ibada. Ila Hope hajui kama nipo, nimstahi. Eti mie ndiye wa kumstahi!

Hatua thelathini na moja. Nilizihesabu.

Jumamosi, 20 Septemba

Kazi imeisha. Mie narudi kinyumenyume na kamera, Hope na baba wananijia. Gauni zuri, sikatai. Lakini Hope alivyomshika baba mkono — kama mtu aliyeshika pochi yake mwenyewe, hana wasiwasi hata kidogo. Kila Krismasi baba alikuwa kwake. Kila homa. Na baba analia! Kwetu aliondoka macho makavu.

Nina wivu. Naandika hivyohivyo. Wanasema uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Haya, uchungu wa mzazi anaujua nani?

Nilimsubiri baba nje. Kapita na wageni, kasema kazi nzuri, binti. Basi.

Jumatatu, 22 Septemba

Nimefungua picha mchana. Za kuingia ziko kumi na nane, na zote fokasi iko kwa baba. Mvi unazihesabu mojamoja. Hope ukungu mtupu, shela tu. Harusi zaidi ya sitini sijawahi kumkosa bi harusi. Sikukusudia. Au nilikusudia — sijui. Na Wilbert kashawatumia kina Hope tangu asubuhi, hata hakukagua.

Saa kumi Hope kaniandikia WhatsApp. Dada, mbona mie sionekani? Ikaja nyingine. Kamwonyesha baba, kaziangalia zote, moja baada ya moja, halafu kaingia chumbani kajifungia. Dada, kwani wewe ni nani kwetu?

Nimeandika samahani, nimefuta. Nimeandika kamera ilisumbua, nimefuta. Sasa nimeandika jina langu lote, Auleria Gozbert Mutashobya. Sijatuma.

Hope anapiga simu.