Mawese Kwenye Sanduku la Vitabu

Maktaba, Kigoma Mjini
Jumatatu, 8 Julai 2024

Shangazi, shikamoo.

Karani wetu Dismasi ameniambia asubuhi hii kuwa vitabu tisa vya sanduku tunalowaazima watoto wa huko Katonga vimelowa mawese. Nimevihesabu mwenyewe, ni kumi na kimoja. Nisamehe kwa kuanza na hilo kabla ya kukujulia hali. Mgongo unaendeleaje? Sisi wazima, mtoto ameota jino la pili.

Sanduku lilifika Jumamosi kwa bajaji ya Abdulkarimu, kufuli limefungwa. Ndani, juu ya vitabu, kulikuwa na chupa ya mawese, kizibo kimelegea. Hapakuwa na karatasi wala jina. Vitabu vya picha ndivyo vilivyoumia zaidi. Mkuu wetu, Bwana Oswald, anataka kujua ni mtoto gani aliyechezea mafuta kwenye vitabu. Asipopata jina, sanduku litahamia Kidahwe, ambako wameliomba tangu mwaka jana.

Nimeweka vitabu vingine badala ya vilivyoharibika na sanduku linarudi leo pamoja na barua hii. Sielewi chupa iliingiaje. Ufunguo wa huko unao wewe peke yako.

Mwanao,
Nasma


Katonga
Alhamisi, 11 Julai 2024

Nasma mwanangu, marahaba. Mgongo unauma asubuhi tu, jua likipanda unatulia. Mbusu huyo mwenye meno.

Hakuna mtoto aliyeshika mafuta. Watoto ishirini na watatu wanasoma barazani kwangu, na kila mmoja ananawa kwenye ndoo nikiwa nimesimama hapo. Jumamosi nilihesabu vitabu arobaini, nikavipanga, nikaingia ndani kusali adhuhuri. Nilipotoka bajaji ilikuwa inangoja, nikafunga kufuli bila kufunua. Kwa hiyo chupa iliingia katika muda huo.

Nimewauliza kina mama waliokuwepo kama wanamjua mtoto aliyeharibu vitabu. Wamesema hawamjui, na nawaamini. Nikawaeleza kuwa mawese yanaharibu karatasi. Wamesikitika mno. Yunisi, yule muuza dagaa, alinishika mkono akasema, "Tumekuelewa, Mama Kuruthumu. Mafuta hapana."

Mwambie mkuu wako limekwisha.

Shangazi yako,
Kuruthumu


Maktaba, Kigoma Mjini
Jumatatu, 22 Julai 2024

Shangazi, shikamoo. Natumaini umeamka salama.

Halijakwisha. Juzi Jumamosi sanduku limerudi na miche miwili ya sabuni, fungu la dagaa wakavu ndani ya kitambaa, na mayai sita yaliyofukiwa kwenye pumba. Vitabu vyote arobaini vizima, havina doa. Vinanuka dagaa tu. Dismasi anauliza kama wiki ijayo mtatuletea kuku.

Bwana Oswald hacheki. Anasema hii ni hongo ili jina lisitajwe. Mayai yako mezani kwake, ameyaandikia karatasi: "Kielelezo." Sanduku amelizuia, na anataka orodha ya kina mama wote na makazi yao ifike Jumatatu tarehe 29.

Tuliwaambia vitabu vimeharibika, wametuletea sabuni. Sijui nicheke au nilie. Shangazi, hawa watu wanataka nini kwetu?

Mwanao,
Nasma


Maktaba, Kigoma Mjini
Jumatatu, 29 Julai 2024

Shangazi, shikamoo. U mzima?

Orodha haijafika, na simu yako haipatikani siku ya nne leo. Abdulkarimu anasema amekuona sokoni, hukumpa barua yoyote. Nimeomba tuongezewe wiki moja, nimepewa mpaka tarehe 5 Agosti. Nijibu hata mstari mmoja.

Mwanao,
Nasma


Katonga
Alhamisi, 1 Agosti 2024

Nasma, marahaba. Mimi mzima. Simu nimeizima kwa makusudi, kwa kuwa sikuwa na jibu.

Jibu nimelipata juzi kwa Yunisi, naye alinishangaa kwa kumuuliza. "Chombo cha mtu unakirudishaje kitupu?" Sanduku linakuja limejaa kila baada ya wiki mbili, watoto wao wanakula humo, wao walirudishe hivi hivi? Kwanza walikubaliana mawese. Niliposema mafuta hapana, wakajua tumekataa mafuta, wakatafuta vitu vikavu, wakavitia nilipoingia tena kusali. Mimi mwenyewe sahani ya jirani sijawahi kuirudisha tupu, na bado hili sikuliona.

Chupa ilitoka kwa Astérie, mmoja wa kina mama hao. Alivuka kutoka Burundi akiwa mgongoni kwa mama yake, na analima hapa juu ya mwalo wa wavuvi. Tarehe 23 niliwaambia kina mama kuwa majina na makazi yanatakiwa. Kesho yake wenzao walikuja kuulizia sanduku, yeye hakuwaleta wanawe wawili. Kwa waliovuka kama yeye, ofisi ikiomba orodha ya namna hiyo, kinachofuata huwa ni safari ya kurudishwa. Nimekwenda kwake mara nne. Mara ya nne binti yake Gloriose, mwenye miaka saba, alinijibu kutoka ndani kuwa mama yuko shamba. Chini ya mlango niliiona miguu ya mama. Kisha mtoto akauliza kama sanduku limeshakuja.

Nikasema kwa sauti, upande wangu wa mlango, kuwa jina la mtu sitaliandika, na sanduku likienda Kidahwe basi liende.

Leo alfajiri Astérie amenijia, kanga imefungwa kama mtu wa safari. Akasema, "Kama ni jina, nitalipeleka mwenyewe. Mafuta ni yangu. Ila Gloriose asome."

Sikumshauri aje wala asije. Nakueleza alichosema.

Shangazi yako,
Kuruthumu


Maktaba, Kigoma Mjini
Jumatatu, 5 Agosti 2024

Shangazi, shikamoo, na asante.

Nimemsomea Bwana Oswald barua yako yote. Akatoa fomu ya uharibifu wa vitabu. Ina sababu tano: maji, moto, panya, mtoto, nyinginezo. Hajaweka alama popote. Alisema kwao Kasulu naye alilelewa hivyo hivyo, lakini vitabu kumi na kimoja vimeharibika na wakubwa wake hawataelewa habari ya sahani. Akaniuliza mimi aandike nini.

Orodha ameiacha. Sanduku bado amelizuia, hajasema litakwenda wapi. Anataka kumsikia mama huyo mwenyewe kwanza, na amekubali uje naye. Mje na watoto wote wawili. Nimemwomba kadi mbili za uanachama, amenipa. Ziko wazi, sijaziandika kitu.

Ni Jumatatu tarehe 12 Agosti, saa tatu asubuhi, mlango wa chumba cha watoto.

Mwanao,
Nasma