Harusi Kwenye Flash

Jumamosi, 7 mwezi wa sita

Nimechoma diski nne tangu asubuhi. Mbili zimeharibika. Basi, nimechoka. Miaka tisa napiga video za mahari na harusi kwenye barabara hii, Sake mpaka Masisi, na leo natangaza mwenyewe: DVD imekufa. Lecteur, ile mashine ya kuchezea diski, ikiharibika hakuna wa kuitengeneza. Televisheni mpya zote zina tundu la flash. Nimeleta flash hamsini kutoka Goma, na ordinateur, kompyuta inayotoa picha safi hadi unaona jasho la bwana harusi. Bei ni mara tatu ya diski. Watanung'unika, kisha watalipa. Watu wa hapa kwetu Mushaki hunung'unikia hata mvua.

Nimemuuza Gaju, ng'ombe aliyenipa baba nilipoolewa. Ndiye aliyelipa yote haya. Mume wangu Bahati hakunizuia, ila ametoa sharti: flash zisipotoka kufikia katikati ya mwezi wa saba, kamera inauzwa, tunanunua mtamba. Nimekubali papo hapo. Siogopi.

Jumatano, 11 mwezi wa sita

Hakuna hata moja. Familia tatu zimekuja kuweka siku zao. Wote wanashika flash, wanaigeuza, wanairudisha mezani. "Iko bei sana, Mama Furaha." Wote wameomba diski.

Ni bei tu. Kiangazi kimeanza, maziwa yamepungua, pesa ngumu. Simu zilipokuwa ghali watu walizicheka. Leo hata wachungaji wanapiga picha ng'ombe wao. Nitashusha.

Maziwa ya chai nanunua kwa jirani sasa. Anayajaza maji, najua.

Jumapili, 15 mwezi wa sita

Nimeshusha bei hadi karibu sawa na diski. Katekista ametangaza baada ya ibada, kati ya tangazo la salongo, kazi ya pamoja ya kijiji, na la mbuzi aliyepotea. Watu wamecheka. Mbuzi amepata wateja wengi kuliko mimi.

Wamekuja wawili. Mwalimu, na Papa Bauma mkulima wa viazi, aliyesema wazi kwamba ile bei ya kwanza asingeiweza. Kwa hiyo bei inazuia watu, sijakosea. Lakini wenye ng'ombe hawakuja, na wao ndio wenye televisheni kubwa ukutani. Mtu ana zizi limejaa halafu ananiambia ghali! Inaniudhi sana.

Bahati ameleta mtu wa Sake anayetaka kununua kamera, aione. Kaipimapima kama kuku wa soko. Nimemchukia.

Jumanne, 24 mwezi wa sita

Nimeaibika, na nimeelimika.

Nimepanda kwa Mama Zawadi, anayeozesha binti yake wa pili Jumamosi. Ana ng'ombe wengi, na ameomba diski. Kanipa maziwa ya kuganda, nikayanywa, nikamuuliza bila kuzunguka: kwa nini hutaki flash, na bei imeshuka?

"Mama Furaha, siyo bei. Ile kitu inafutika. Mutu wa Goma alitupatia flash ya harusi ya mukubwa wa huyu binti. Shemeji yake, ule dereva, akaibeba mpaka kule Hombo, akajaza miziki mule. Harusi yote ikaisha. Na ngombe zetu za mahari zikaisha mule."

Mimi, niliyezaliwa kando ya zizi! Siku ya mahari ng'ombe hupita mmoja mmoja, na wasemaji wa pande zote mbili hutaja rangi na umri. Kwenye filamu yangu mpya safi ya mfano nilikuwa nimewafupisha hadi nusu dakika, na muziki juu yake. Nilijiona fundi. Kumbe kwao hiyo ndiyo filamu yenyewe. Ndoa ikiingia ugomvi, wazee huketi mbele ya televisheni. Huyu anasema alitoa mtamba, diski inaonyesha ng'ombe mzee, kesi imekwisha. Diski haiandikwi juu yake. Diski ni shahidi.

Nani atanunua shahidi anayesahau? Na nilivyoshusha bei, nimewahakikishia tu kwamba ni kitu cha kuchezea. Rahisi ghali, wanasema, na wamesema kweli.

Jumamosi, 28 mwezi wa sita

Nimepandisha bei. Bahati amedhani nina malaria.

Sasa mahari moja ni flash tatu, filamu ileile. Moja kwa wazazi wa binti, moja kwa wazazi wa kijana. Ya tatu inaingia kwenye bahasha, wasemaji wote wawili wanatia sahihi juu ya gundi, na inakaa kwa katekista. Dereva apeleke yake Hombo, ajaze miziki mpaka ichoke.

Nimeanza leo kwa Mama Zawadi. Ng'ombe wanane, kutoka pembe mpaka mkia, kwa mwendo wao, bila muziki. Mmoja kasimama kukojoa. Sikukata.

Alhamisi, 10 mwezi wa saba

Maombi sita! Kwa bei iliyo juu kuliko ile ya kwanza. Papa mmoja amebishana nami saa nzima, kisha akauliza kama naweza kurudia mahari ya mwanawe aliyeoa zamani. Nimecheka mpaka machozi. Papa Bauma na wakulima wenzake nitaendelea kuwapa flash moja, au diski mpaka mashine ife. Kwao bei ni bei kweli. Najisifu, na ninastahili.

Mtu wa Sake karudi na pesa mfukoni. Bahati hakumkaribisha hata kiti. "Kamera iko na kazi," kamwambia. Basi. Nilitaka kumkumbatia mbele ya wateja.

Jumapili, 13 mwezi wa saba

Baba amekuja kututembelea. Nimempikia chai. Ameonja, akaangalia zizi. Nikamwambia mwenyewe kabla hajauliza: Gaju nimemuuza.

Kisha ameomba aone hiyo kazi yangu. Nimeweka flash ya kwa Mama Zawadi. Ameangalia ng'ombe wote wanane, akitaja rangi zao kwa sauti ndogo. Mwisho ameniuliza kama Gaju nilimpiga video kabla hajaenda.

Nimesema hapana.

Akaniomba nirudishe nyuma, aone tena yule wa tatu, mwenye rangi kama ya Gaju.